Ndoo Mbili za Maji ya Kisima

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la viti viwili, halina paa ila turubai, na umri wake ulikuwa umepita nusu karne. Mtaliano mmoja alilileta Malindi enzi za raha zake, akalichoka, akamwuzia Mwaura, mwalimu wa sekondari aliyetoka bara na kuifanya Malindi kwao. Mwaura alilipenda gari lile kuliko alivyopenda kula. Alipofariki, watu walimshauri mjane wake, Jedida, aliuze, au alifunike aliweke uani liwe ukumbusho. Jedida alikuwa muuguzi katika hospitali moja kule Kilifi, mwanamke wa maneno machache, na alichowajibu ni kwamba gari likilala litakufa, na yeye keshazika mara moja, inatosha. Ataliendesha kila siku, Malindi mpaka Kilifi na kurudi.

Mafundi wa mjini walicheka. Gari la namna ile ni la Jumapili, walisema, la kwenda ufukweni kula aiskrimu na kurudi. Litaendaje safari ndefu hivyo kila siku ya Mungu, kwa jua hili na hewa hii ya bahari inayokula hata bawaba za milango? Aliyekubali alikuwa mmoja tu, Athman, mwenye gereji ndogo mtaa wa Barani, mtu wa miaka sitini kasoro, ambaye kofia yake haikumtoka kichwani hata akiwa chalichali chini ya lori.

"Sista," alimwambia Jedida, "gari hili nitakufanyia liwe kama punda wako. Asubuhi litakupeleka, jioni litakurudisha. Lakini lina masharti yake."

Na masharti yalikuwa mengi, kwa sababu Athman alipenda kuyataja kama vile alivyopenda kuyafuata. Kila asubuhi, kabla ufunguo haujaguswa, boneti ifunguliwe, maji na oili vitazamwe. Gari lisiondoke mpaka sindano ya joto ianze kupanda, maana gari la umri huu haliamshwi kwa kelele. Kila wiki mbili pointi zipigwe msasa, na kabureta zote mbili zisikilizwe kama zinavuta pumzi sawasawa. Mkanda wa feni, koili na mipira ya maji ya akiba ikae buti siku zote. Kila Jumamosi gari lilale gereji, lioshwe chini kutoa chumvi ya hewani. Na sharti kubwa kuliko yote, alilolisema akiinua kidole, ni kwamba rejeta haitiwi maji ya kisima. Visima vya mtaa ule vina maji ya chumvi, ya kuoshea vyombo na kumwagilia minazi. Ukiyatia kwenye injini yataitafuna kwa ndani polepole, huku kwa nje injini yang'aa. Gari la Sista lilitiwa maji ya kunywa, yale yaletwayo kwa mkokoteni.

"Maji usiyoyanywa wewe," Athman alikuwa akisema, "usilinyweshe gari."

Miaka mitatu gari likaenda, halijamwacha Sista njiani hata mara moja. Athman akawa mtu wa kuonyeshwa kwa kidole. Akilisikia linapita barabarani alisimama, akafumba macho, akalisikiliza kama baba anayemsikiliza mwanawe akisoma hadharani. Kichwa kikamvimba, tusiseme uongo, lakini kazi aliifanya kweli.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Kwa miaka kumi na minane alikuwa na Kaingu, Mgiriama wa Gongoni, aliyekuja gereji hajui spana ishikwe upande gani. Athman alimfundisha kila kitu, na katika kuunga rejeta Kaingu akaja akampita mwalimu wake. Kila Idd, yeye na mkewe Pola walikula kwa Athman. Kila Krismasi, Athman alipelekewa kuku, naye akamchinja mwenyewe, wakala pamoja.

Sasa ije ile Ijumaa, ambayo Athman angelipa chochote isingekuwako.

Alhamisi, siku moja kabla, Kaingu aliunga tundu dogo la rejeta ya gari la Sista, kazi safi, hata mshono hauonekani. Ijumaa Kaingu akaenda maziko kwao, na Athman akairudisha rejeta mahali pake mwenyewe. Sista angelifuata gari saa tisa. Ilibaki kutia maji, na mwenye mkokoteni hakutokea. Athman akatoka barabarani, akatazama juu, akatazama chini, hapana mkokoteni. Adhana ikaadhiniwa. Ijumaa iliyotangulia alichelewa, akasali nje juani na wachelewaji, na mashemeji zake wakamcheka wiki nzima. Hakutaka kuchekwa tena. Kisima kilikuwa hatua kumi tu. Akateka ndoo mbili, akamimina, na akasema kwa sauti, kana kwamba gari lina masikio, "Kesho nitayamwaga."

Kesho yake kulikuwa na harusi Mambrui. Jumatatu Sista alipita, akapiga honi, akapunga mkono, injini ikinguruma vizuri, na Athman akaona hakuna haraka. Jumamosi iliyofuata gari lilikuja kuoshwa, na hapo angeweza kuyamwaga. Lakini Kaingu alikuwa amesimama pale pale, na kumwaga maji ya wiki moja mbele ya Kaingu kungetaka maelezo. Maelezo ndiyo yaliyomshinda. Angesemaje, yeye mwenye kidole cha kuinuliwa? Kwa hiyo msimsikilize mtu akiwaambia kwamba Athman alisahau. Hakusahau hata siku moja. Kila alipokumbuka alijiambia ni ndoo mbili tu.

Wiki ya saba, alfajiri, karibu na Matsangoni, sindano ya joto ilipanda ghafla na mvuke ukafumka kutoka chini ya boneti. Sista Jedida alisimama kando ya barabara na sare yake nyeupe mpaka jua likachomoza, na kule Kilifi mwenzake aliyekesha na wagonjwa akalazimika kuendelea hadi adhuhuri. Gari lilirudishwa Malindi juu ya lori. Lilipofunguliwa, mshono wa rejeta ulikuwa umeliwa, gasketi imeungua, na maji yaliyobaki yalikuwa na rangi ya kutu. Kaingu alichuchumaa mbele ya gari, amewapa wote mgongo.

"Fundi," Jedida akamwuliza Athman, "si ulisema hii gari haiwezi kuniacha njiani? Nini imefanyika?"

Palikuwa na wateja wengine pale, watu kama sita, na wote waligeuka kusikiliza jibu. Athman alifungua mdomo akiwa hajui atasema nini. Wallahi hakujua.

"Rejeta iliungwa na Kaingu," akasema.

Maneno manne, na hakuna hata moja la uongo. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba hakuhitaji hata kusema uongo.

Jedida akamgeukia Kaingu. "Mimi nilikuwa nakuamini," alimwambia. "Kutoka leo usiguse gari ya Mwaura."

Kaingu akasimama, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Akamtazama Athman kwa utulivu, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusema. Athman akainama kuitafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Mji mdogo hauna siri. Mwenye teksi akasema gari lake lisiguswe na Kaingu, mwenye pikapu naye vivyo hivyo. Athman akamwambia Kaingu, "Pumzika kidogo, maneno yapoe." Kaingu aliendelea kuja kwa siku tisa, akikaa juu ya tairi kuukuu tangu asubuhi mpaka jioni, hana gari la kushika. Siku ya kumi hakuja. Baadaye ikasikika kwamba yuko kwao Gongoni, anakwangua chumvi kwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi ya huko.

Athman akalitengeneza gari. Aliisafisha injini yote kwa ndani, akapiga msasa, akatia gasketi mpya na rejeta nyingine, akajaza maji ya kunywa. Likaenda vizuri kuliko zamani. Watu wakamsifu, wakasema kweli mzee ni mzee, kijana wake aliliua na yeye kalifufua. Kila sifa ilimwingia kama mwiba, naye akaitikia, "Alhamdulillahi," maana angeitikia nini?

Miezi minne ikapita, na mwaka ule jina la Athman likatoka miongoni mwa watakaokwenda hija. Desturi ya pale, mtu akitaka kwenda hija, hupita kwanza kwa watu kuwataka radhi. Humwendea jirani, mteja, shemeji aliyegombana naye, akawaambia, kama nimewakosea, kwa kujua au kwa kutojua, nisameheni. Nao husema, tumekusamehe, nawe tusamehe, utuombee dua huko uendako. Hakuna anayeuliza makosa ni yapi. Kwa siku nne Athman alizunguka mtaa mzima akisamehewa, akinywa kahawa, akikumbatiwa. Kila aliporudi nyumbani alijiona mzito kuliko alivyotoka.

Mkewe, Shekha, ndiye aliyekuwa akihesabu nani kapitiwa na nani bado.

"Na Kaingu je?" akauliza.

"Kaingu si Muislamu."

"Kwani wewe wataka radhi za Waislamu peke yao?" Shekha akamkazia macho. "Kaa naye miaka kumi na minane, ale sahani moja nawe, kisha uondoke usimuage? Una nini, Athman?"

Athman akasema hana kitu. Shekha akaitikia, "Haya," ile haya ya mke ambaye hakuamini hata chembe.

Jumamosi gari la Sista lilipokuja kuoshwa, Athman akajiambia mipira mipya ya maji inataka kujaribiwa masafa marefu. Kwa nini hakupanda bodaboda akaenda zake, mimi sijui. Labda alitaka kuwa na kitu cha kushika mikononi. Akavuka daraja la Sabaki, akapita njia ya Mambrui, upepo ukimpiga usoni, na gari likaimba njia nzima pasipo kukohoa. Kwa mara ya kwanza aliichukia sauti ile.

Alimkuta Kaingu nje ya nyumba yake, juu ya kigoda, akinawa miguu. Kazi ilikuwa imeisha adhuhuri. Miguu ilikuwa myeupe kwa chumvi mpaka magotini na ngozi ya visigino imepasuka. Alipoliona gari alisimama na maji yakimchuruzika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kaingu. Hamjambo?"

"Hatujambo." Macho yake yalikuwa kwenye gari. "Usilizime," akasema. Akaliendea, akafungua boneti, akainamisha kichwa akisikiliza, naye Athman akasimama kando kama mgeni. "Kabureta ya pili inavuta kidogo kuliko mwenzake," Kaingu akasema. "Lakini kidogo sana. Umelitengeneza vizuri, mzee."

Athman akazima injini. Akajikaza, akayatoa maneno kama alivyoyatoa mtaa mzima.

"Nimekuja kukutaka radhi. Nakwenda hija mwezi ujao, inshallah. Kama kuna mahali nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe."

Akangoja kuambiwa amesamehewa. Kaingu akafunga boneti taratibu, kwa viganja viwili, kama alivyofundishwa.

"Nikusamehe nini, mzee?"

"Lolote lile."

"Lolote ndiyo nini?"

"Ni desturi yetu, Kaingu. Mtu akisafiri huomba hivyo."

"Ahaa." Kaingu akatikisa kichwa. "Basi hiyo desturi nimeisamehe. Jingine?"

Hakuwa akifanya mzaha, na hakuwa amekasirika. Ndiyo maana Athman hakuwa na pa kukimbilia. Haya ilimshika kuanzia shingoni ikapanda, mpaka masikio yakawaka moto. Alitazama miguu ya Kaingu, kisha akashindwa kuitazama.

"Yale maji," akasema. "Yalikuwa ya kisima. Niliyatia mimi, siku ile ulipokwenda maziko. Mshono wako haukuwa na kosa."

"Najua."

"Wajua?"

"Niliyaonja, mzee. Siku ile gari lilipoletwa nilichovya kidole nikaonja. Mtu wa Gongoni aonje chumvi asiijue?"

"Na ukanyamaza?"

"Wewe ulikuwa umeshasema." Kaingu alikaa tena kwenye kigoda chake, akachukua kata ya maji. "Nikajua hutaweza kulala na neno lile, kesho utalifuta mbele ya Sista. Nikaja kesho. Nikaja kesho kutwa. Siku tisa nilikaa juu ya lile tairi nikikungoja."

Athman alitamani atukanwe. Angetukanwa angejua la kufanya, angeinamisha kichwa akapokea. Lakini huyu mtu alikuwa ananawa miguu.

"Jumatatu nitamwambia Sista," akasema haraka. "Nitamwambia yeye, nitawaambia na wateja wote, mmoja mmoja. Na wewe urudi gereji, Kaingu. Nakuomba urudi."

"Sista utamwambia, unamwona kila siku. Mimi nataka umwambie Pola." Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Yumo ndani. Aliniuliza kama kweli niliharibu gari la mjane. Nikamwambia ndiyo."

"Kwa nini ulimwambia ndiyo?"

"Ningemwambia nini? Mzee Athman, ambaye tumekula kwake kila Idd, amenisingizia? Asingeniamini. Na angeniamini, ingekuwa vibaya zaidi. Nenda ndani, mzee."

Athman akapiga hodi. Pola alikuwa akisonga sima, akauacha mwiko, akajifuta mikono kwenye leso, akamwamkia kwa heshima zote na kumpa kiti kizuri kuliko vyote. Kabla Athman hajafungua mdomo, akaanza yeye.

"Mzee, nashukuru umekuja mwenyewe. Nimekuwa na neno hili moyoni, nikaona haya kuja Malindi. Utusamehe kwa lile gari. Umemlea mume wangu, umemfundisha, naye akaja akakuaibisha mbele ya watu. Ana mkono mzito siku hizi, lakini roho mbaya hana. Utusamehe sana."

Athman akahisi kama nyumba yote imeinama upande mmoja. Akavua kofia yake, jambo ambalo Pola hakuwahi kumwona akilifanya, akaishika magotini.

"Mwanangu, usiniombe radhi," akasema. "Gari nililiua mimi." Na akamweleza. Alimweleza mkokoteni uliokosa kuja, adhana, kicheko cha mashemeji, na kisima. Alimweleza pia jinsi alivyoulizwa na Sista na jinsi alivyojibu. Hakutia neno la kujitetea, ingawa matatu au manne yalimjia ulimini. Alipomaliza, sima ilikuwa imeanza kunuka kuungua, na hakuna aliyeiondoa mekoni.

Pola hakulia wala hakupiga kelele. "Maji ya kisima," akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Maji ya kisima." Akainuka, akampita Athman kitini kama asiyemwona, akatoka nje. Athman akamsikia akisimama mbele ya kile kigoda.

"Kaingu, nakuomba radhi," Pola alisema. "Siku ile nilipokwambia mbele ya watoto wasijifunze kazi kwako, nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Lile sanduku lako la spana nililompa kaka yangu Mwambire kule Ngomeni, nikasema huna kazi nalo tena, nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Ulipokuwa ukirudi na miguu ile, ukaniomba mafuta ya kupaka, nikakwambia ujipake mwenyewe, umeyataka mwenyewe. Nisamehe."

Hapo Kaingu aliitazama kwanza miguu yake. "Nimekusamehe, Pola."

Aliendelea. Alikuwa nayo mengi, ya miezi minne, na aliyataja moja moja, siku yake na mahali pake, na kila moja alilingojea jibu lake ndipo akataja jingine. Athman alikuwa ndani, kofia imo mikononi, akiyasikia yote. Kila moja alijua limeanzia kwake. Aliwakumbuka watu wa mtaa wake, kahawa zao na kukumbatiwa kule, akaona kwamba katika siku zile nne hakuna hata kosa moja aliloomba radhi.

Nje orodha ya Pola ikaisha. Halafu sauti ya Kaingu ikamfikia, si ya hasira, ila ya mtu aliyechoka.

"Mzee Athman, toka sasa. Ni zamu yako."

Athman akatoka. Pola alikuwa amechuchumaa, ameushika mguu mmoja wa mumewe, anauosha, na hakuinua uso. Athman hakuwa na kiti wala hakukitaka. Akakaa chini, kwenye mchanga uliolowa, mbele ya mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi, akatafuta ni kosa lipi la kwanza, akagundua kwamba makosa yake hajui idadi yake.

"Anza popote," Kaingu akasema.